Miezi Ishirini Nyuma ya Bendi za Jazz za Kisumu

Nilihamia Kisumu mapema mwaka 2022, miezi michache baada ya amri ya kutotoka nje usiku, iliyowekwa kwa sababu ya korona, kuondolewa tarehe 20 Oktoba 2021, wakati ambapo bendi zilizokuwa zimenyamaza tangu Machi 2020 zilikuwa zinarudi jukwaani moja baada ya nyingine. Nilizaliwa na kulelewa Nakuru, kazi yangu ni uhasibu, na sikuwa mtu wa kukesha. Kilichonivuta ni sanduku la santuri la baba. Ndani yake mlikuwa na santuri ndogo za Victoria Jazz, za Shirati Jazz, na nyingine zilizotolewa na Chandarana, kampuni ya Kericho iliyowarekodi wanamuziki wengi wa magharibi ya Kenya. Kila Jumapili alasiri baba alikuwa akiziweka moja baada ya nyingine na kuliigiza gitaa kwa mdomo, kwa kasi ambayo sisi watoto hatukuiweza. Nilipopata kazi Kisumu nilijiambia kwamba sasa nitausikia muziki ule ukipigwa na watu walio hai mbele yangu, na nikaazimia kuzifuata bendi hizo popote zitakapopiga, mradi niweze kwenda na kurudi bila kukosa kazi siku ya Jumatatu.

Ninaandika haya kwa sababu miezi ishirini ile ilinigharimu pesa nyingi, usingizi mwingi na, kwa kipindi fulani, urafiki wa mtu niliyemheshimu, na sehemu kubwa ya gharama hiyo ningeweza kuiepuka kama mtu angenieleza mapema namna mambo yanavyokwenda.

Kosa la kwanza lilikuwa katika neno lenyewe. Niliwauliza vijana wa ofisini ni wapi ninapoweza kuisikia jazz, nao wakanielekeza kwenye hoteli moja ya Milimani, ambako nililipa kiingilio cha shilingi 1,000 na kukaa mbele ya kijana mpiga saksafoni, mpiga kinanda na mpiga ngoma aliyetumia brashi badala ya vijiti. Ulikuwa muziki mzuri, lakini haukuwa muziki wa sanduku la baba. Vijana wale hawakukosea, kwa kuwa neno nililotumia lina maana mbili hapa kwetu. Kwao, jazz ni ule muziki uliozaliwa New Orleans, nchini Marekani, mwanzoni mwa karne ya 20. Kwa wazee wetu, tangu miaka ya 1950, jazz ilikuwa jina la bendi yoyote ya kisasa yenye magitaa, na mara nyingine tarumbeta na saksafoni, tofauti na ngoma za asili. Ndiyo maana Kinshasa ilikuwa na OK Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1956, Tanzania ikawa na Morogoro Jazz na Tabora Jazz, na sisi tukawa na Shirati Jazz ya D.O. Misiani, mwanamuziki aliyezaliwa Shirati, upande wa Tanzania, na kufariki kwa ajali ya barabarani Kisumu mwaka 2006. Walichokipiga Misiani na wenzake ni benga.

Kwa hiyo, ukifika Kisumu usiulize jazz. Uliza benga ukitaka magitaa yanayokimbia, uliza ohangla ukitaka ngoma na kinanda, uliza rumba ukitaka kucheza polepole, na ukifika Bunyore au Kisa, kwa Waluhya, uliza omutibo, mtindo wa magitaa ya kavu, yasiyotumia umeme. Waulize wahudumu wa tuktuk waliozidi umri wa miaka arobaini, kwa maana hao ndio huwabeba wanamuziki na vyombo vyao alfajiri, na wanajua nani anapiga wapi kuliko bango lolote.

Mabango nayo yalinipotosha kwa muda mrefu. Bango la kwanza nililoliamini lilisema onyesho litaanza saa mbili usiku, huko Kondele. Nilifika saa mbili kasoro robo na kukuta wahudumu wakipanga viti. Bendi ilianza saa tano, na walioimba mwanzoni walikuwa waimbaji wadogo wa bendi, wakizipiga nyimbo za watu wengine. Saa sita na nusu nikaondoka kwa hasira na usingizi, na siku iliyofuata nikaambiwa kwamba mwimbaji mwenyewe alipanda jukwaani saa saba na kuimba hadi saa kumi alfajiri. Nililifanya kosa hilo hilo mara tatu kabla ya kukubali kwamba saa iliyoandikwa kwenye bango ni saa ya kufungua mlango na kuanza kuuza vinywaji. Wanaoijua bendi hulala jioni, hula nyumbani, kisha hutoka saa nne.

Mara ya nne nilikaa hadi mwisho, na hapo nikakutana na tatizo la kurudi. Mvua ilikuwa inanyesha, tuktuk hazikuwapo, na mwendeshaji wa bodaboda alinitoza shilingi 500 kwa safari ambayo mchana ningeilipia shilingi 100. Pesa hazikuniuma sana. Kilichonitisha ni kwamba nilikuwa mwanamke peke yangu barabarani saa kumi alfajiri, nimempanda mtu nisiyemjua, na simu yangu ilikuwa imeishiwa chaji. Tangu siku hiyo nilipatana na mhudumu mmoja wa tuktuk, mzee mwenye familia anayefahamika kwenye kituo chetu, kwamba atanifuata saa tutakayokubaliana kwa shilingi 400, na kama nikitaka kubaki zaidi nimpigie kabla hajaondoka nyumbani kwake. Dada yeyote anayenisoma na anayetaka kuufuata muziki huu, ningemwomba aanze na jambo hilo kabla ya kutafuta bango la kwanza. Pia ajue kwamba kuna bendi zinazopiga Jumapili kuanzia saa kumi jioni hadi saa tatu usiku, kwa wapiga gitaa wale wale na kwa kiingilio cha chini au bila kiingilio kabisa, na kwamba mimi nilichelewa karibu mwaka mzima kulijua hilo.

Sasa niseme kidogo kuhusu muziki wenyewe, kwa sababu nilipoanza kuuelewa ndipo nilipojua mahali pa kukaa na wakati wa kunyamaza. Wimbo wa benga huanza kwa utulivu. Mwimbaji husimulia habari yake, mara nyingi akimtaja mtu kwa jina, kijiji chake na wazazi wake, na gitaa humjibu mwisho wa kila mstari. Kisha sauti za waimbaji hunyamaza, ngoma hukaza, besi hupanda mbele, na gitaa la solo huachiliwa likimbie peke yake. Wenyewe hukiita kipindi hicho kilele, na ndicho watu hukingojea ili wainuke kucheza. Wajuzi husema kwamba gitaa hilo limerithi mwendo wa nyatiti, ala ya Wajaluo yenye nyuzi nane. Nilishuhudia mzee akiipiga nyatiti katika mazishi kule Siaya, ameketi kwenye kigoda kifupi, njuga mguuni, pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu, akiigonga ala kwa pete hiyo huku vidole vya mikono vikikimbia, na nilipofumba macho nilisikia ngoma, besi na solo vikitoka kwa mtu mmoja. Baada ya siku ile nilianza kuketi upande wa mpiga besi, ambako wengi hawapendi kukaa, kwa kuwa ukiisikia besi vizuri sehemu nyingine zote hujipanga zenyewe sikioni.

Ukikaa hapo, hata hivyo, unakaa karibu na spika. Mwezi wa nane nilianza kuamka Jumapili masikio yakinivumia kama kuna nzi ndani, na mara moja uvumi huo ulidumu siku tatu. Nilikwenda kupimwa, na mtaalamu akanieleza kwamba mtu anaweza kuvumilia sauti ya desibeli 85 kwa saa nane, lakini kila inapozidi kwa desibeli tatu muda huo hukatika nusu, hivyo kwamba ikifika desibeli 100 umebakiwa na dakika kama kumi na tano. Mimi nilikuwa nakaa saa nne. Nilinunua vizibo vya masikio, vile vya sponji laini, na nilishangaa kwamba nilipovivaa maneno ya wimbo yalisikika wazi zaidi kuliko awali. Kumbi nyingi ni ndogo na paa zake ni za mabati, na fundi mitambo huzidisha sauti kadiri watu wanavyoongezeka. Usiione haya kuvivaa. Wapiga ngoma wawili ninaowafahamu walianza kuvitumia walipoviona masikioni mwangu.

Usiku mzuri kuliko zote katika miezi ile haukuwa Kisumu bali Luanda, kama kilomita 30 kwenye barabara ya Busia. Bunyore ndiko walikotoka Abana ba Nasery, kundi la Shem Tube, lililojulikana kwa magitaa ya kavu na chupa ya Fanta iliyokwaruzwa kama chombo cha mdundo. Nilikwenda kwenye sherehe ya harusi iliyokaribisha bendi ndogo ya wazee watatu wenye mtindo huo wa omutibo. Katikati ya wimbo wa pili uzi mwembamba wa gitaa la mbele ukakatika kwa mlio uliosikika hadi nyuma. Mzee hakusimama. Aliihamishia tuni kwenye nyuzi zilizobaki, akairudia iliyosalia kwa chini kidogo, na huku mkono wa kulia ukiendelea akamwonyesha kwa kidevu kijana aliyekuwa amechuchumaa karibu naye. Kijana akatoa karatasi ya kaki mfukoni, akaikunjua, akatoa uzi. Wimbo ulipofika mahali pa kuimba bila gitaa, wale wawili waliobaki wakaurefusha ubeti kwa kuyataja majina ya wakwe, mmoja mmoja, na chupa ikawa inakwaruza peke yake. Kwa muda wa ubeti ule mzee alifungua, akapitisha, akakaza, akausikiliza uzi kwa kuinamisha sikio hadi likaligusa gitaa, kisha akaingia tena mahali hasa palipopaswa. Wakwe walipiga vigelegele wakidhani kwamba kutajwa kwao kulipangwa. Nilikuwa nimeketi hatua mbili kutoka kwake, na niliyaona matone ya jasho yakimdondoka kwenye ubao wa gitaa. Hakuna santuri ambayo ingenionyesha jambo hilo.

Mambo ya pesa yana fedheha zaidi kuyasimulia. Mwezi wa kumi na moja, mtu mmoja aliyejitambulisha kuwa mratibu wa maonyesho alitangaza safari ya kwenda Homa Bay kuisikiliza bendi niliyokuwa naipenda sana, ikiwa ni pamoja na basi, kiingilio na malazi, kwa shilingi 6,500. Nililipa kwa M-Pesa kwenye namba ya mtu binafsi, na vibaya zaidi, niliwashawishi wenzangu sita nao walipe. Jumamosi ile tulisimama kituoni tangu saa saba mchana hadi saa kumi, tukiipiga simu iliyokuwa imezimwa. Jioni nilimpigia mpiga ngoma wa bendi hiyo, akaniambia kwa mshangao kwamba wao walikuwa njiani kwenda Migori, na kwamba hawakuwa na onyesho lolote Homa Bay. Namba yake nilikuwa nayo muda wote, na simu ya dakika moja siku ya kwanza ingeokoa shilingi 45,500 za watu saba. Wenzangu hawakunidai, lakini wawili hawakuja tena nami kokote. Tangu hapo sikulipa chochote kabla ya kuuliza upande wa bendi yenyewe, na kwa maonyesho ya kawaida nilingoja nilipe mlangoni, hata pale nilipoambiwa kwamba nafasi zinakwisha. Kwa miezi yote iliyobaki sikukuta mlango uliojaa nikarudishwa.

Kulikuwa pia na usiku nilipomaliza pesa kwa hiari yangu. Katika sherehe za benga na ohangla kuna desturi ya pakruok, ambapo mtu hutoa pesa, muziki ukasimamishwa au kupunguzwa, naye akapewa kipaza sauti ajisifu au awasifu watu wake, kisha meza nyingine ikajibu kwa kutoa zaidi. Ni sanaa yenyewe, na walio hodari hutunga mafumbo matamu kuliko maneno ya wimbo. Mimi sikuijua mipaka yake. Mwimbaji alilitaja jina langu na la Nakuru mara tatu, watu wakageuka kunitazama, na kila aliponitaja niliinuka kumtunza, hadi nilipogundua kwamba nimetoa shilingi 3,800 na nimebaki bila nauli. Baadaye mama mmoja mwenye duka Kibuye alinifundisha utaratibu wake: huweka kando noti za shilingi 100 anazokusudia kutunza, nyingine huziacha nyumbani, na noti zikiisha hucheka na kupunga mkono, wala hakuna anayemdharau. Ninakubaliana naye kwa moyo wote kwamba ni lazima kutunza. Kiingilio mara nyingi humwendea mwenye ukumbi, na noti ile inayobandikwa kwenye paji la uso la mpiga gitaa huenda ndiyo chakula cha wanawe siku inayofuata. Mpiga solo mmoja aliniambia kwamba mwaka 2020 aliuza kipaza cha gitaa lake ili alipe kodi ya nyumba, na hadi tulipozungumza alikuwa bado anaazima cha mwenzake.

Kosa lililoniuma kuliko yote lilihusu simu yangu. Nilikuwa nimezoea kurekodi, na siku moja niliirekodi bendi ikipiga wimbo mpya kwa dakika saba, nikauweka mtandaoni usiku ule ule kwa nia ya kuwatangaza. Mpiga besi wao, mzee ambaye tangu mwanzo alinichukua kama mwanawe na kunitengea kiti, alinipigia asubuhi. Hakupaza sauti.

"Binti yangu," alisema, "wimbo ule tulikuwa tunaupeleka studio mwezi ujao. Sasa kuna vijana wameshauchukua."

Nilimwambia, "Mzee, nisamehe, sikujua."

"Ungeuliza," akasema, akakata simu.

Niliifuta video ile, lakini ilikuwa imeshasambazwa. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inamlinda mpigaji dhidi ya kurekodiwa na kutangazwa onyesho lake bila ridhaa, ila sikuhitaji sheria kunionyesha nilivyokosea. Nilikwenda nyumbani kwake Nyalenda wiki iliyofuata na sukari, majani ya chai na maneno machache. Alinipokea, akaninywesha chai, lakini kiti changu upande wa besi sikukipata tena kwa miezi mitatu. Siku hizi huuliza kabla bendi haijaanza, wakati wanafunga nyaya, nami huambiwa wazi ni nyimbo zipi ninaweza kuzirekodi na zipi niziache. Mara nyingi huniruhusu za zamani, na mara mbili wao wenyewe waliniomba niwapelekee nilichorekodi, kwa kuwa hawakuwa na picha hata moja ya kumwonyesha mwenye ukumbi mwingine.

Sikuiacha kabisa ile jazz ya saksafoni. Nilirudi Milimani tarehe 30 Aprili 2023, siku ambayo UNESCO iliitenga kuwa Siku ya Kimataifa ya Jazz, na nikakuta wasikilizaji wasiozidi thelathini. Wapigaji walikuwa vijana, na wawili kati yao waliniambia walijifunzia kupuliza katika bendi za Jeshi la Wokovu, kanisa lenye mizizi ya miaka mingi Vihiga na Kakamega. Uzuri wa kundi hilo ni kwamba huanza kwa wakati na humaliza kabla ya saa nne usiku. Ugumu wake ni kwamba hukaa miezi miwili bila kupiga, kisha hutangaza siku mbili kabla, na anayetaka kulifuata hana budi kuwajua wapigaji wenyewe.

Desemba 2023 baba alikuja kunitembelea. Ana zaidi ya miaka sabini na hawezi kukesha, kwa hiyo nilichagua Jumapili jioni, kwenye ukumbi wa wazi upande wa ziwa, na tulifika saa kumi kamili, bendi ikifunga nyaya. Mzee wa besi alikuja kumsalimu kwa mikono miwili na kumwita mzee mwenzangu, kisha akatuwekea viti mahali pangu pa zamani. Baba alizitambua nyimbo tatu za kwanza, akawa anatikisa kichwa na kuliigiza gitaa kwa mdomo kama alivyokuwa akifanya sebuleni kwetu. Wimbo wa nne ulipoingia kwenye kilele, alinyamaza ghafla. Alimtazama mpiga solo aliyekuwa kushoto, akamtazama mpiga gitaa la pili aliyekuwa kulia, akarudi kushoto, akifuata kwa macho namna mmoja alivyokuwa akiuachia mwenzake mstari katikati na kuupokea tena.

"Kumbe ni wawili," aliniambia sikioni. "Miaka yote hiyo nilidhani ni gitaa moja."

Akaomba kiti chake kisogezwe katikati, mahali ambapo angewaona wote wawili, na mzee wa besi akamwashiria mhudumu kwa kidevu akisogeze.